Vidole vya Everline Nabiswa

Kama hujawahi kusukwa na Everline Nabiswa, pale Kariobangi nyuma ya wauza viatu vya mitumba, pole yako; kichwa chako hakijui kimekosa nini. Wanawake walitoka Njiru, wakapita saluni chungu nzima zenye taa za rangi, wakaja kukaa kwenye kiti cha mlangoni kwa Jecinta, kiti cha plastiki chenye mto uliofungwa kwa kamba, mradi tu washikwe kichwa na huyo mama.

Everline alisuka bila kuangalia. Huo ndio uliokuwa mchezo wake, na alijua watu wanaupenda, kwa hiyo aliuzidisha. Utamkuta anapiga stori na mteja wa kiti kingine, macho yake yako barabarani yanatazama nani kapita na nani, huku vidole vyake vinachambua, vinagawa, vinapitisha, vinakaza, na mstari unatoka mnyoofu kama umepigwa rula. Ukimwambia, "Mama Luseno, si uangalie unachofanya," atakucheka.

"Macho ni ya umbea, dada. Nywele inaangaliwa na vidole."

Basi, jioni moja mwezi wa tatu, mvua ikianza kunyesha, alikuwa anavuta mlango wa mabati ili wafunge. Kona moja ya mlango ule ilikuwa imekunjika, na kila mtu pale alijua imekunjika, na kila mtu alikuwa amesema fundi aitwe, na fundi hakuitwa. Mnajua tulivyo. Ile kona ikamchana mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Damu ilitoka, we! Jecinta mwenye saluni, mtu asiyepoteza maneno, alimfunga kwa taulo akamkimbiza kliniki ya karibu, wakamshona. Ngozi ikashikana vizuri. Kwa kuangalia tu, kidonda kilipona.

Lakini gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati vilikuwa vimekufa ganzi. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa kosa la wasusi, mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Wasusi wote wanaijua ganzi. Ukisuka tangu asubuhi, jioni vidole havisikii. Unavikanda kwa maji ya vuguvugu na chumvi, unalala, asubuhi viko sawa. Kwa hivyo Everline aliposema vidole havisikii, wenzake wote wakamwambia, kwa uhakika kabisa, hiyo ni ganzi ya kazi, wewe kanda tu. Akakanda. Kila jioni, nyumbani kwake Jericho, Wafula mumewe anamchemshia maji, naye anakanda, na vidole viko kimya. Akarudi kazini hivyo hivyo.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwelu, mwalimu wa nasari kutoka Njiru, mtu wake wa miaka mingi. Everline alimsuka rasta akiangalia kila unywele, jambo ambalo Mwelu aliliona kwenye kioo. Sasa, rasta zikiisha, ncha zake huchovywa kwenye maji yaliyotoka kuchemka, zilainike zisifumuke. Kila msusi anafanya hivyo, na kila msusi anajua kushika mbali na maji. Everline akashika fungu la rasta, akalichovya ndooni, na kwa mazoea tu akageuza uso barabarani kumjibu mtu aliyemsalimia.

"Mama Luseno! Mkono! Mkono wako!"

Mwelu ndiye aliyepiga kelele. Everline akaangalia chini. Vidole vyake vitatu vilikuwa ndani ya yale maji, vimetulia tuli kama vya mtu anayenawa. Akavitoa. Vilikuwa vyekundu, malengelenge yanaanza kutokeza, na yeye hakusikia kitu. Hata mwasho hakuna.

Aliogopa kuliko siku ya damu. Damu mtu anaielewa. Mkono wako kuungua kimya kimya mbele ya macho yako, hilo uende ukamwambie nani? Jirani mmoja wa pale Jericho alisema hiyo si bure, kuna mtu anakionea wivu kile kiti cha mlangoni. Wafula, ambaye anafanya kazi kiwandani na ameona watu wakikatwa na mashine, alimwambia mama huyo aende akapike. Kesho yake akaomba ruhusa kazini, akampeleka mkewe hospitali kubwa. Huko ikajulikana: ile kona ya mabati ilikuwa imekata neva, na kliniki ilishona ngozi juu yake bila kujua. Wakamfungua tena. Daktari akaunganisha zile ncha mbili chini ya lenzi, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Everline alipoambiwa habari ya huo uzi, ndipo kwa mara ya kwanza alipopata moyo.

"Mwembamba kuliko unywele? Basi huyo daktari ni msusi," akasema.

Mkono ulipofunguliwa bandeji, wakampeleka kwa Ndinda. Ndinda alikuwa mtaalamu wa kufundisha mikono iliyoumia, msichana wa Kikamba mwenye mdomo mwepesi, na ukutani kwake kulikuwa na picha kubwa ya mtu aliyevuliwa ngozi, mwili mzima umejaa nyuzi za manjano.

"Na huyu maskini ni nani?" Everline akauliza.

"Ni wewe, mama. Ni mimi pia. Njoo karibu." Ndinda akaweka kidole juu ya fuvu la yule mtu. "Huu ni ubongo. Hapa ndipo unapojua mambo. Kidole chenyewe hakijui kitu, kinapeleka habari tu. Kutoka kwa ubongo kunashuka kamba hii nene, inapita ndani ya mifupa ya mgongo ikilindwa na mfupa juu ya mfupa. Hizo mbili, ubongo na kamba, ndizo makao makuu. Halafu neva zinatoka kwenye hiyo kamba, moja kushoto moja kulia, zinapenya katikati ya mifupa, zinasambaa hadi kwenye kucha za miguu."

"Zote hizo ziko ndani yangu?"

"Zote. Na ona zinazoenda mkononi. Zinatoka shingoni tano. Zikifika hapa nyuma ya mtulinga, mfupa huu wa mbele ya bega, zinakutana, zinaachana, zinapishana tena..."

Everline alikuwa ameisogelea picha hadi pua inaigusa. Akafuata zile nyuzi za manjano kwa mkono wake wa kushoto, moja moja, zinavyoingia na kutoka. Akaanza kucheka.

"Daktari, zimesukwa! Uongo? Hii inapita juu, hii chini, hii inachukua ya mwenzake. Mimi nasuka watu miaka yote hii, kumbe mimi mwenyewe nimesukwa ndani!"

Ndinda naye akacheka hadi akakaa. Kisha akamwonyesha neva kubwa zinazofika mkononi. Moja inashika upande wa nyuma. Nyingine inapita kwenye kiwiko, ile ukijigonga unaruka kwa shoti, inaenda kwa kidole kidogo. Na moja inapita katikati ya kifundo, inaenda kwa gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Hiyo ndiyo iliyokatwa. Ndani yake kuna nyuzi maelfu. Nyingine zinashusha amri, kunja, shika, kaza. Nyingine zinapandisha habari, moto, baridi, laini, kavu. Ukiikata, upande wa chini unakufa, kwa sababu umetengwa na makao makuu. Lakini ganda lake linabaki, tupu, na uzi wa juu unaota upya ndani ya hilo ganda, taratibu, hadi vidoleni.

"Unaota kwa kasi gani?"

"Kama milimita moja kwa siku, ikienda vizuri. Na wakati mwingine haifiki, mama, sitakuficha."

"Ni kasi kuliko nywele?"

Ndinda akafikiria. "Karibu mara tatu ya nywele, eeh."

"Basi nitangoja. Mimi kazi yangu ni kungoja nywele za watu ziote."

Kabla hajaondoka, Ndinda akamkataza maji ya moto kabisa, akamweleza na yale maajabu ya ndoo. Mtu mwenye neva nzima akigusa moto, alisema, mkono unaruka kabla mwenyewe hajajua. Habari ikifika tu kwenye kamba ya mgongo, kamba inaamuru papo hapo, toa mkono, na ubongo unaambiwa baadaye. Mkono wako haukuruka kwa sababu habari haikuvuka hata kifundo. "Siku ukiruka wenyewe, uniambie. Nitaruka na wewe."

Kwa Jecinta maneno hayakuwa matamu hivyo. Alimketisha Everline chini jioni moja, wakiwa wawili.

"Everline, sitakudanganya. Desemba watu wanaenda ushago kwa wazazi na vichwa vipya, na wewe unajua foleni inafika wapi. Kiti cha mlangoni hakiwezi kukaa na msusi anayeangalia kila unywele. Jacky atakishika kwa sasa. Vidole vikirudi kabla ya Desemba, ni chako. Desemba ikianza na havijarudi, ni cha Jacky moja kwa moja."

"Jecinta, mimi ndiye niliyeleta hao watu."

"Najua. Ndiyo maana nitangoja hadi Desemba."

Iliuma. Everline alitembea hadi Jericho kwa miguu siku hiyo akilia bila kujificha, na watu wakampisha. Kazi yake ikawa kufumua nywele za watu kwenye kiti cha nyuma, karibu na sinki, ambako hata barabara haionekani. Jacky, msusi mdogo wa pale pale, msichana mpole mwenye mikono mizuri, alimwambia, "Aunty, mimi kiti chako sikitaki," na Everline akamjibu, "Kishike vizuri, usinichafulie mto." Lakini kila alipoangalia mlangoni moyo ulimchoma.

Nyumbani wakaanza shule. Baada ya chakula Wafula anachukua mkono wa mkewe, anagonga kwa ncha ya kidole kutoka kwenye kovu kushuka, tap, tap, tap, na mahali ule uzi unaoota umefika, Everline anaruka. "Hapo! Stima!" Ndivyo Ndinda alivyowafundisha kuufuata. Mwanzoni stima hiyo, mshtuko kama wa umeme, ilikuwa kwenye kovu. Ikashuka kifundoni, ikafika kwenye shina la gumba. Kuna wiki ilikwama mahali pamoja, na Everline akawa hashikiki nyumbani. Wafula akafua na kupika mwenyewe. Kisha ikasonga. Wafula akafurahi kama timu yake imefunga bao, akaenda kuwaambia hata majirani, akiwemo yule wa wivu.

Na palikuwa na bakuli. Ndani yake Wafula alichanganya maharagwe, mahindi na ndengu, na Everline, macho yamefungwa kwa leso, alitakiwa kutaja alichoshika. Uzi ukifika, Ndinda alisema, ubongo wenyewe utakuwa umesahau lugha ya vile vidole, lazima ufundishwe upya kama mtoto wa nasari. Mwanzo alibahatisha tu. "Mahindi." "Ni hewa, mama, hujashika kitu." Wakacheka, maana vinginevyo wangelia.

Mwezi wa kumi ukaingia. Alasiri moja Jacky alikuwa amemaliza rasta za mteja, akazichovya, na akazifunga kwa taulo kukamua maji. Simu yake ikalia. "Aunty, nishikie hapa kidogo." Everline, bila kufikiri, akalikamata lile taulo kwa mkono wa kulia.

Mkono ukaruka.

Uliruka wenyewe. Ulikuwa tayari umefika kifuani, na taulo liko chini sakafuni, ndipo Everline alipojua kumetokea kitu, na ndipo ule moto ulipompanda hadi kwenye meno.

"Uuuwi! Yoo! Imenichoma!"

Saluni nzima ikasimama. Jecinta akaja mbio na maji baridi, uso umemshuka, akijua ni yale yale tena. "Umeungua? Leta mkono, leta!"

"Nimeungua! Jecinta, nimeungua kabisa! Inauma! Mungu wangu, inauma vibaya!" Na huku analia, anacheka, anaruka. Akainama, akaligusa tena lile taulo, akapiga yowe lingine, wauza viatu wakaja kuchungulia mlangoni kujua nani anauawa. Akampigia Ndinda simu papo hapo. Hata hakusalimia. "Daktari, umeruka! Umeruka wenyewe!" Na simu ikiwa kwenye spika wote walisikia viatu vya Ndinda vikigonga sakafu upande wa pili, maana aliahidi na akatimiza.

Jecinta aliyafuta macho kwa kiwiko. Lakini Jecinta ni Jecinta. Watu walipotawanyika alisema, taratibu, "Nimefurahi, Everline. Nimefurahi sana. Ila kuungua si kusuka."

"Najua. Desemba haijafika."

Sasa aliikazania ile shule kwa hasira. Asubuhi bakuli, jioni bakuli. Alipapasa kila kitu, ukosi wa Wafula, maganda ya viazi, sarafu mfukoni, ncha za nywele zake mwenyewe. Gumba, ambalo lilikuwa limekataa kukutana na kidole kidogo, likaanza kukisogelea, likakigusa. Siku moja, leso usoni, akatoa punje bakulini akasema, "Ndengu." Akatoa nyingine. "Ndengu." Nyingine. "Haragwe, na limetobolewa na mdudu." Wafula akaliangalia lile haragwe, akaona tundu.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, Mwelu akaja. Jacky alikuwa na foleni, akamwonyesha benchi. Mwelu akapita moja kwa moja hadi kiti cha nyuma karibu na sinki, akakaa, akavua kitambaa.

"Mimi nasukwa na Mama Luseno. Mistari, ya kwenda nyuma."

Everline akamwangalia Jecinta. Jecinta akainua mabega. Basi akaanza, polepole, akiangalia, moyo unamdunda kama mwanagenzi. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili. Nje mvua ikaanza, wakauvuta mlango wa mabati, ambao siku hizi kona yake imenyooshwa, maana fundi hatimaye aliitwa. Ilikuwa inakaribia saa moja jioni.

Stima zikapotea.

Giza lilikuwa totoro, mlango umefungwa, hata mkono wako huuoni. "Aah, hawa watu nao!" mtu akasema. Wasusi wote wakaachia nywele. Jacky akaanza kupapasa akitafuta simu yake, akaangusha chupa ya mafuta, wateja wakalalamika. Kila kitu kikasimama isipokuwa sauti ndogo iliyotoka kule nyuma, ile ya nywele kupita kwenye nywele.

"Mama Luseno," Mwelu akasema gizani, "wewe bado unasuka?"

Everline alikuwa ameshikwa na butwaa. Vidole vyake vilikuwa vimeendelea bila yeye. Cha shahada kilikuwa bado kizito kidogo, kama kimevaa glavu, lakini kilikuwa kikisikia njia ya ngozi katikati ya nywele, kikisikia mafungu matatu, lipi nene na lipi jembamba, na gumba likikaza pale panapotakiwa kukazwa. Habari zilikuwa zinapanda, kifundo, kiwiko, bega, shingo, hadi juu kabisa, na amri zinashuka. Alisikia machozi yakimdondokea mkononi, na alisikia kuwa ni ya moto.

"Nasuka," akasema. "Tulia, usitikise kichwa."

"Nimepata simu," Jacky akasema. "Aunty, nikuletee tochi?"

"Tochi ya nini? Wamulikie wenye macho."

Kicheko kilichotoka humo kilishinda mvua juu ya mabati. Naye sasa akafungulia mdomo, akaanza umbea, na gizani akamaliza mstari, akaingia mwingine, akaongeza na mwingine, akimsimulia Mwelu habari za jirani wa Jericho na wivu wake, hadi stima zikarudi na watu wote wakafumba macho kwa mwanga.

Walipoyafumbua walimkuta Jecinta amesimama nyuma ya Mwelu na kitana cha mkia mkononi. Aliupitisha ule mkia kwenye mistari, mmoja baada ya mwingine, akiinama, akiukagua kila mmoja kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Mwelu alikuwa ameshika pumzi. Jecinta akarudi mwanzo, akasimamisha mkia kwenye mstari wa pili.

"Huu umepinda," akasema.

Everline akainama, akauangalia.

"Huo niliusuka stima zikiwaka."

Jecinta alimtazama, kisha akaangua kicheko, yeye asiyecheka, akamkumbatia mbele ya wateja wote na kitana bado kiko mkononi. Halafu akaenda mlangoni mwenyewe. Jacky alikuwa amemtangulia. Vitana vyake vilikuwa vimeshatoka kwenye rafu, na alikuwa akiupangusa ule mto.

Siku ya kwanza ya Desemba foleni ilifika kwa wauza viatu. Everline Nabiswa alikuwa mlangoni, mikono kichwani mwa mtu, macho barabarani, akitafuta umbea wote uliompita tangu Machi.